Wong mwenye tumbo na Wong wa mistari mitatu

Jioni hii, baada ya kufunga hesabu za vitambaa nilivyonunua katika soko la Zhongda, Guangzhou, nimebaini kwamba kwa miaka minne daftari langu la wauzaji limewachanganya watu wa koo mbili. Wote nimewaandika Wong.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Hong Kong. Stakabadhi zake husomeka Wong, ilhali binamu yake wa hapa Guangzhou, anayepokea malipo, benki anajulikana kama Huang. Nilishuku, nikazuia fedha. Mzee hakukasirika, alikunjua kiganja, akachora juu yake kwa kidole, polepole, herufi 黃, akasema wao ni "Wong mwenye tumbo kubwa", kwa sababu ya kile kisanduku kilichotuna katikati. Wong mwingine, 王, huitwa "wa mistari mitatu". Kwa Kikantoni, lugha ya Guangzhou na Hong Kong, majina hayo hutamkwa sawasawa, hata kidatu cha sauti hakitofautiani, ndiyo maana watu hutajiana umbo la herufi. Kwa Kichina cha Beijing la kwanza ni Huang na la pili ni Wang. China bara iliidhinisha pinyin, tahajia ya Kichina kwa herufi za Kilatini, mwaka 1958, ikifuata matamshi ya Beijing, lakini Hong Kong, iliyokuwa chini ya Uingereza, iliendelea kuandika kama sikio la Kikantoni linavyosikia.

Wong mwenye tumbo maana yake ni manjano, ila jina halikutokana na rangi. Vitabu vya nasaba vinalirejesha kwenye dola ndogo ya Huang, palipo leo wilaya ya Huangchuan mkoani Henan, iliyomezwa na dola ya Chu mwaka 648 KK. Watu walionyang'anywa nchi wakabaki na jina lake; jambo hili linanigusa sana. Wong wa mistari mitatu maana yake ni mfalme, na lina asili nyingi.

Huko Macau, iliyokuwa ya Wareno, Wong huandikwa Vong. Kusini mwa Vietnam, Hoàng, yaani Huang kwa Kivietnam, iligeuzwa kuwa Huỳnh, kwani ilikuwa mwiko kulitamka jina la mtawala Nguyễn Hoàng, aliyefariki mwaka 1613. Lililonishangaza zaidi ni Ng: Ng wa Singapore mwenye asili ya Chaozhou, mji wa kusini mwa China wenye lahaja yake, huenda akawa Huang, ndugu wa mzee wangu, ilhali Ng wa Hong Kong ni wa ukoo mwingine kabisa, ambao Beijing wangeitwa Wu.

Kwetu, Khamis wa Unguja na Hamisi wa Tabora wana jina moja, kwa kuwa tunalitambua kwa sikio. Kwa hawa wenzetu jina hutambuliwa kwa jicho, na mimi nilikuwa nikisikiliza tu.

Nimewatumia ujumbe Wong wote saba wa daftarini, nikiwaomba kila mmoja aniandikie herufi yake. Wanne wana tumbo, mmoja ana mistari mitatu. Wawili bado hawajajibu.