Buluu imepauka mezani

Leo asubuhi, maabara, hapa Nairobi. Mvua imenyesha usiku kucha.

Unga wa HKUST-1, ule wa shaba wenye vitundu vidogo mno vya kunasa gesi ya amonia, umetoka kwenye oveni ya utupu: nyuzi joto 150 za Selsiasi, muda wa saa 12.
Buluu iliyokoza, karibu zambarau. Ndivyo unavyotakiwa.

Kisha chupa ikaachwa wazi.

Dakika chache tu, juu pakaanza kupauka. Rangi ikashuka taratibu, kama chai inavyopenya mandazi.

Ni maji. Molekuli zake hujishikiza kwenye atomu za shaba zilizo wazi, palepale ambapo amonia ingenaswa.
Na amonia ikikutana na unyevu humo ndani, hubomoa fuwele zenyewe. Hapo hata joto halirudishi kitu.

Kwa maji peke yake, bado unga unaokoka: oveni tena, kisha moja kwa moja kwenye chombo chenye silika jeli ya kufyonza unyevu, kifuniko kikazwe.
Tafadhali, msipitishe amonia kabla buluu ile haijarudi!

Mnaofanya kazi hii msimu wa mvua, nyinyi mnahifadhi vipi?