Chupa za Chumvi Zilivyotuletea Wateja Nanenane Nzuguni

Nauza pembejeo Kibaigwa, wilayani Kongwa, na bidhaa niliyotaka watu waifahamu kwenye maonesho ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, ni mfuko wa kuhifadhia nafaka usiopitisha hewa, ule ambao wakulima wengi wanauita kinga njaa. Kwa kuuangalia tu hauna mvuto wowote. Nje ni kiroba kama viroba vingine, ndani kuna mifuko miwili ya nailoni. Ukiutundika bandani, mtu anapokea kipeperushi na kuendelea na safari yake. Ndipo nikaamua tuweke mchezo.

Gurudumu la bahati sikulitaka. Nimeyaona mabanda yanayolitumia: watu wanajaa kweli, lakini anayeshinda kofia anaondoka na kofia yake bila kujua pale panauzwa nini. Nilitaka mchezo ambao swali lake ndilo swali la mkulima mwenyewe kabla hajafunga mfuko: je, mahindi yangu yamekauka?

Swali hilo ndilo roho ya biashara hii. Mfuko ukifungwa vizuri, dumuzi, wale wadudu wanaotoboa nafaka, humaliza hewa iliyomo na kufa, bila dawa. Lakini ukifungia mahindi yenye unyevu, yataota ukungu humo humo, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa sumu hiyo. Kwa hiyo siwezi kumuuzia mtu mfuko nikanyamaza kuhusu ukavu.

Kuna kipimo rahisi ambacho mabwana shamba wamekuwa wakikifundisha. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa sana, kisha iache kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi takribani asilimia 15. Isipoganda, uko chini ya hapo. Mchezo wetu tuliutoa humo.

Tulipanga mabakuli ya mahindi mezani, mengine makavu, mengine yenye unyevu. Mwezi wa nane Dodoma ni jua na upepo, kila kitu kimekauka, kwa hiyo mahindi ya unyevu tuliyatengeneza wenyewe: tunayanyunyizia maji jioni, tunayafunika kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi tunayafuta yasionekane kulowa. Yenye ukungu hayakuwekwa mezani hata punje moja. Mgeni anachagua bakuli, anapima kwa njia anayoiamini, anasema “makavu” au “bado”, kisha chupa inaamua.

Wazee ndio waliouchangamsha mchezo. Kila mmoja ana njia yake: huyu anang'ata punje, yule anachota na kumwaga asikilize mlio, mwingine anazamisha mkono kwenye bakuli. Mzee mmoja aling'ata, akatikisa kichwa, akasema, “Mwanangu, haya makavu, nimeanza kulima kabla hujazaliwa.” Nikamjibu, “Sawa babu, tuisubiri chumvi.” Alivuta kiti. Wenzake wakamzunguka kumtetea na kumpinga, na wapita njia wakasimama kujua kuna nini.

Hapo ndipo penye siri yote, kwa maoni yangu. Wengi wanaoandaa michezo ya maonesho wanataka iishe haraka ili zamu zipite nyingi. Mimi robo saa ile ya kusubiri ndiyo niliyoithamini kuliko kitu chochote. Mtu aliyekwishatoa jibu hawezi kuondoka kabla hajajua kama amepatia. Anakaa, unamuuliza analima wapi, amevuna magunia mangapi, anayahifadhi wapi, mwaka jana dumuzi walimharibia kiasi gani. Ni mazungumzo ya jirani na jirani. Msaidizi wangu aliandika kijiji na namba ya simu ya kila aliyekubali, na kumweleza kwamba tutampigia kuhusu hifadhi ya nafaka tu.

Wenye haraka walikuwa na mchezo wao: kufunga mfuko kwa saa. Ukamue hewa, usokote mdomo wa nailoni ya ndani, uukunje, uufunge kwa kamba, kisha ya pili vivyo hivyo, halafu kiroba cha nje. Akina mama waliwashinda vijana mara nyingi, na kelele zake zilifika mbali. Aliyefunga zote pamoja kwa kamba moja hakuhesabiwa hata kama alimaliza kwanza, kwa sababu nyumbani fundo la namna hiyo linaingiza hewa.

Kwenye zawadi nilikuwa makini. Sikutoza kiingilio wala kupiga kura ya bahati, maana michezo ya kubahatisha ina sheria na leseni zake. Kila aliyepatia alipewa chupa yenye kifuniko na pakiti ya chumvi, akapime mahindi yake mwenyewe. Kwa bei haifiki fulana, lakini fulana haimkumbushi mtu kupima kabla ya kufunga mfuko.

Jambo moja tulilirudia kwa kila kundi: chupa inakukataza tu, haikupi ruhusa ya mwisho. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na hapo unahitaji kipima unyevu. Tulikuwa nacho mezani, na waliobaki na shaka tuliwaonesha namna kinavyosoma.

Maonesho yalipokwisha, simu zilianza kuingia kutoka Mpwapwa, Chamwino na hapa hapa Kongwa. Wengine walitaka mifuko. Ila waliopima nyumbani wakakuta chumvi imeganda walikuwa wakiulizia turubai za kuanikia, kitu ambacho sikuwa nakiuza kabisa. Sasa ninazo, na nimezipanga pembeni ya mifuko, mlangoni kabisa mwa duka.