Tunduma mpaka Mpika: sifuri zilivyonilia hela

Februari 2013 niliamka mapema Mbeya mjini nikadandia Kosta ya Tunduma, safari ya kwenda Mpika Zambia kumsalimia baba mdogo ambaye alienda huko enzi za ujenzi wa TAZARA akaoa hukohuko na hakurudi tena. Mbalizi, mlima Senjele ule unaofanya abiria wote wanyamaze, Mlowo, Vwawa, halafu foleni ya malori inaanza hata mji wenyewe hujauona. Siti nilipewa ya juu ya injini, tuliache hilo.

Mfukoni nilikuwa na laki tatu na kumi. Sasa kwa aliyekuwa hapo mpakani kipindi kile anajua, mwezi mmoja tu nyuma yake Zambia walikuwa wamefyeka sifuri tatu kwenye kwacha yao, kuanzia tarehe 1 Januari 2013 ile elfu moja ya zamani ikawa kwacha moja. Desemba 2012 Mtanzania ukivuka pale shilingi yako moja inapata kama kwacha tatu, unatembea Nakonde, mji wa mpakani upande wa Zambia, kifua mbele. Januari umeamka kwacha moja ni shilingi mia tatu! Hela ni ileile, mkate ni uleule, ila bichwa linakataa kabisa.

Na ubaya ni kwamba noti za zamani zilikuwa bado zinatumika pamoja na mpya, walipewa mpaka mwisho wa Juni. Hapo ndo vijana wa kuchenji wakala mavuno. Nimeshuka tu wamenizunguka kama sita, vibunda vimefungwa rababendi, kikokotoo mkononi. Mmoja mpole mpole hivi akaniambia "braza reti ni 310, wewe una ngapi?" Nikasema laki tatu na kumi, akabonyeza, kwacha elfu moja kamili. Akahesabu noti mpya za mia, tano kamili, akaweka za hamsini, sita, mia nane hiyo, safi. Iliyobaki akanipa noti za zamani za elfu moja, zile za plastiki, ishirini. "Hizi za zamani unatoa sifuri mbili tu, elfu inakuwa kumi, kumi mara ishirini mia mbili." Mimi nikatingisha kichwa kama msomi. Nikaweka mfukoni nikashukuru na asante juu.

Nimegonga muhuri pande zote, nikapata basi la kwenda Lusaka, nikakaa na mama mmoja wa Nakonde anayeongea Kiswahili kizuri tu. Tulipofika Isoka nikataka kununua mahindi ya kuchoma, nikatoa noti moja ya plastiki nikiamini ni kwacha kumi nasubiri chenji. Muuzaji akaichukua, akanipa hindi moja, akageukia dirisha la mbele. Nikaanza kupiga kelele chenji yangu chenji yangu, yule mama akanishika mkono. "Mwanangu hiyo ni pin moja. Pin moja ni kwacha moja. Nani kakuambia kumi?" Pin ndo wanaita elfu, ukisikia fifte pin ujue elfu hamsini za zamani, yaani hamsini mpya. Nikatoa zile kumi na tisa zilizobaki akazitazama akacheka mpaka machozi, halafu akaniomba radhi kwa kucheka. Nilipigwa kwacha 180, zaidi ya elfu hamsini na tano za kwetu. Hindi lenyewe lilikuwa gumu.

Mpika nilifika usiku. Baba mdogo nimempa shikamoo hata sijakaa nikamsimulia, naye badala ya kunionea huruma akaenda chumbani akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani noti ya kwacha yenye sura ya Kaunda, imelainika kama kitambaa. Akasema walipoanzisha kwacha mwaka 1968, moja ilikuwa shilingi kumi za Tanzania, haina kubishana, na yeye alipoanza kazi ya reli bado ilikuwa hapohapo kwenye kumi. "Kwacha kumi ilikuwa shilingi mia, na noti ya mia wakati huo ndo ilikuwa kubwa kuliko zote kwetu. Nikituma moja tu nyumbani wanakaa kikao."

Nikamwambia sasa moja ni mia tatu ba'mdogo, imepanda. Akanitazama. "Ukirudisha sifuri walizokata, shilingi mia tatu inanunua elfu nzima. Imepanda wapi hapo?" Sikuwa na jibu.

Toka hapo nikawa mfuatiliaji wa reti kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga. Oktoba 2015 shaba imeporomoka bei na umeme wa bwawa la Kariba hakuna, kwacha ikashuka haifiki hata shilingi 200. Katikati ya 2021 ilikuwa mia na kidogo tu, mshkaji wangu wa Tunduma akazinunua nyingi, mimi nikamcheka. Agosti Hichilema akashinda uchaguzi wa urais Zambia, ikapanda kama 140 hivi. Yule mshkaji akanitumia picha ya bodaboda mpya, bila maneno.

Zile plastiki kumi na tisa? Baba mdogo alizichukua zote akanipa ishirini mpya, akasema moja ya juu ni pole ya lile hindi.