Tafakari ya wiki: Daftari lililoondoka na tope

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii sijalala vizuri na ngoja niseme tu ukweli wenyewe.

Jumatatu nilipita Katesh sokoni nikaingia kwa mama mmoja, zamani alikua na duka la rejareja limejaa kila kitu, unga, mchele, sabuni, mpaka kalamu za watoto wa shule. Sasa hivi ana meza na vitu vya kuhesabu. Mnaikumbuka ile Jumapili asubuhi, tarehe 3 Desemba 2023, mlima Hanang ulivyomeguka kwa mvua, tope na mawe na magogo yakashuka mpaka mjini tukazika wenzetu zaidi ya 80. Yeye alipona na wanae ila duka lilijaa tope lote.

Misaada ilikuja, tunamshukuru Mungu, askari wakazoa tope, nyumba zikajengwa. Lakini mtaji haugawiwi kama blanketi. Mzigo alichukua kwa mali kauli, yaani auze kwanza ndo alipe, na mwenye duka la jumla anataka hela yake, akaingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, marejesho kila wiki, mpaka leo anahema.

Basi mi nikaanza, pole mama, Bwana atakurudishia miaka iliyoliwa na nzige. Akaitikia amina, halafu akasema taratibu, "Shida mtumishi lile daftari la madeni liliondoka na tope, sijui hata nani alichukua nini."

Nikanyamaza, maana nilikuwemo kwenye lile daftari. Elfu 46, sembe na sukari na mafuta ya kula ya mwezi wa 11, na muda wote huo nilikua najiambia labda ameshasahau, labda maafa yamefuta. Wapendwa, nzige nilikua mimi.

Zaburi 37:21 tunaijua wote, asiye haki hukopa wala halipi. Elisha mwenyewe alimwambia yule mjane auze mafuta alipe deni, na huyo alikua hana kitu! Sasa wewe unaesimama mbele na sadaka ya ujenzi, unaombea waathirika kwa machozi, na jina lako lilikua kwenye daftari la mtu, unamwombea nini? Nenda kalipe. Ukikosa yote peleka nusu, na ukienda kununua nunua kwa keshi, usimwambie tena andika mama nitaleta, na acha kupanda gari mpaka Babati kufuata kilo 5 za mchele ambao kwake upo.

Jumatano nilimpelekea. Alizihesabu mara mbili, hakusema neno, akashika tu mkono wangu. Ijumaa nimekuta mfuko wa sembe wa kilo 25 umefunguliwa anapimia watu.

Tunaodaiwa pale tuko wengi na wengine tunasali wote ibada ya kwanza. Anafungua saa moja asubuhi, yuko pale pale.