Siku moja maishani mwangu: fundi kompyuta, Kariakoo

Saa 12 asubuhi. Mwendokasi kutoka Kimara umeshona. Mkoba wa vifaa nimeupakata, mguu mmoja hewani.

Saa 2. Nafungua. Printa mbili na laptopu iliyomwagiwa chai, za kila siku hizo.

Saa 3:20. Anaingia mama mwenye studio ya picha Temeke, nyuma yake kijana kabeba kompyuta mpya ya mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Picha za harusi za watu zimepotea."

Walikuwa na hadidiski ya nje ya terabaiti 3. Mpwa wake huyu alichoshwa na waya, akalipasua kasha, akaichomeka diski moja kwa moja ndani ya kompyuta mpya. Windows ikaiona, lakini inadai lazima ifomatiwe, yaani isafishwe ianze upya.

"Ulikubali?"

"Hapana kaka, niliogopa."

Nikamwagizia chai. Wengi hubonyeza kwanza, kuogopa baadaye.

Kasha? Lipo nyumbani, kwenye ndoo ya taka! Bodaboda ikatumwa.

Saa 4:50. Kasha hilo, lina maganda ya viazi. Ndani mna kibao kidogo cha saketi, na kesi yote iko hapo. Baadhi ya makasha ya diski kubwa huionyesha kompyuta vipande vya baiti 4,096, maana kwa vipande vya 512 ile ramani ya kizamani ya diski huishia kwenye terabaiti 2 hivi. Ukiitoa diski kwenye kasha, hesabu inarudi 512 na kila anwani inaangukia pengine. Ni kama umeelekezwa nyumba ya nane kwa kuhesabu mageti, wewe ukahesabu milango. Picha zipo palepale. Kompyuta ndiyo imepotea njia.

Nafuta saketi, nairudisha diski kwenye kasha, nachomeka. Folda zinamiminika. Mama anakaa chini bila kuangalia kama pana kiti.

Saa 5:30. Tunakopi gigabaiti 900 kwenda kwenye diski mpya ya kompyuta yake. Kijana alichomeka tundu jeusi la USB, lile la mwendo wa pole, ingetuchukua kama saa saba. Nikahamishia la bluu: saa mbili na nusu.

Saa 7:10. Umeme umekatika. UPS, ile betri ya akiba, inalia. Nazima skrini ili chaji isiishe upesi, tunabaki tunatazama kitaa cha diski kikipepesa gizani mpaka jenereta la jengo likaamka.

Saa 8:20. Nalinganisha idadi ya mafaili pande zote mbili, kisha nafungua picha hovyohovyo. Bibi harusi wa 2016, shela limepeperuka usoni.

"Huyu sasa ana watoto watatu," mama anasema.

Kijana anataka kuitoa tena diski ya zamani. Nalifunga kasha kwa selotepu, juu naandika kwa maka pen: USIFUNGUE.

Saa 9. Mama anapanda bajaji na diski mkobani. Kijana na kompyuta yenye nakala anaambiwa apande nyingine. Hilo sikumfundisha mimi.