Likizo ndefu na binti asiyependa kusemeshwa

Mwaka jana, siku chache kabla ya shule kufungwa, nilimpeleka binti yangu wa miaka 14 kupimwa macho. Mhudumu wa mapokezi alimtazama yeye, si mimi, akamwuliza jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Binti alishika zipu ya mkoba wake, akaivuta mpaka mwisho, akairudisha, na kabla hajaivuta mara ya pili mimi nilikuwa nimekwisha kujibu yote mawili. Mhudumu aliandika, sisi tukaenda kuketi, na hakuna aliyeona kwamba lilikuwa limetokea jambo. Ni pale kwenye benchi ndipo nilipoanza kuhesabu mara nilizomjibia wiki ile peke yake: kwa jirani aliyemsalimu ngazini, kwa shangazi yake kwenye simu, kwa kinyozi, kwa mwalimu aliyetaka kujua kama amepona mafua. Nilikuwa nimegeuka ulimi wake, naye alikuwa ameridhika kuniazima kazi hiyo.

Katika Kiswahili neno haya lina heshima yake. Mtu asiye na haya huepukwa, na mtoto mwenye haya husifiwa mbele ya wageni, na huenda ndiyo maana wazazi wengi tunachelewa kutambua pale ambapo haya imeacha kuwa adabu na kuanza kuwa kizuizi. Wala si kila mtoto mkimya ni mwenye haya. Mkimya anaweza kukaa chumbani na kitabu mchana kutwa akaridhika. Mwenye haya anataka kwenda walipo wenzake, amekwisha kuvaa viatu, lakini anasimama mlangoni. Binti yangu alikuwa wa mlangoni. Wala hayuko peke yake: mwanasaikolojia Philip Zimbardo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipowauliza watu katika miaka ya 1970, takriban asilimia 40 walijieleza kuwa ni wenye haya, na baadhi ya watu hao walikuwa wakiishi na kufanya kazi bila jirani zao kujua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la gharama. Niliona tangazo la kambi ya likizo ya kiangazi iliyoahidi kumfundisha kijana kuzungumza mbele ya hadhira kwa siku tano, nikalipa ada ambayo ilinibidi niipange kwa miezi miwili, nikamfikisha getini asubuhi ya kwanza nikiwa na furaha kuliko yeye. Siku hiyo kila mmoja alitakiwa kusimama juu ya kiti na kujitambulisha kwa sauti kubwa, na aliyesema taratibu alirudishwa kuanza upya huku wengine wakipiga makofi ya kumhimiza. Siku ya pili aliamka na tumbo linalouma. Siku ya tatu sikuona sababu ya kumwamsha, na ada haikurudishwa. Sisemi kwamba kambi za namna hiyo hazimfai mtu yeyote. Zinamfaa yule ambaye tayari anapenda kiti kile na anataka tu kufundishwa jinsi ya kusimama juu yake.

Yaliyofuata hayakutugharimu karibu chochote, na nadhani yalifaulu kwa sababu hayakumtaka azungumze. Yalimtaka afanye kazi. Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake mwenyewe, alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: mambo ambayo mtu ameyafanya kwa mkono wake akafaulu, kuwaona walio kama yeye wakifaulu, maneno ya kutiwa moyo, na namna anavyoyaelewa mapigo ya moyo wake na jasho la viganja vyake. Cha kwanza alikipa uzito kuliko vingine vyote, na maneno matupu aliyaona kuwa dhaifu. Niliposoma hayo nilikumbuka ni mara ngapi nilimwambia binti yangu kwamba anaweza, bila kumpa kitu cha kuweza.

Tulianza na maktaba ya umma, ambayo wakati wa likizo hupokea watoto wengi na watumishi wake hawatoshi. Aliandika mwenyewe barua fupi ya kuomba kujitolea asubuhi mbili kwa wiki, akaipeleka mwenyewe, ingawa nilisimama nje ya mlango. Wiki ya kwanza alipangiwa kurudisha vitabu kwenye rafu kwa kufuata nambari zilizobandikwa mgongoni mwa kila kitabu, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya saa tatu bila kufungua mdomo, na aliipenda kwa sababu hiyo hasa. Lakini mtu anayesukuma kigari cha vitabu kati ya rafu huonekana kuwa ndiye anayejua, na watu wakaanza kumwuliza. Ramani ziko wapi? Choo kiko upande gani? Kitabu cha kwanza cha mfululizo huu kimeazimwa? Hayo ni maswali yenye majibu, na majibu yake alikuwa nayo, naye aliyeuliza alikuwa na shida yake mwenyewe na hakuwa na nafasi ya kumkagua anayemjibu. Wiki ya tatu mkutubi alimwomba awasomee hadithi watoto wa miaka mitano, kwa kuwa aliyezoea kuwasomea hakufika. Aliniambia baadaye kwamba ukurasa wa kwanza aliusoma haraka na kwa sauti ya chini, mpaka mtoto mmoja akamwambia, "Dada, rudia, sijasikia simba alisema nini." Akarudia, safari hii kwa sauti ya simba. Nilimtazama akinisimulia hayo akiwa amesimama, mikono yake ikienda hewani, nikajizuia kusema neno.

Watoto wadogo, kwa kweli, ni hadhira bora kwa kijana mwenye haya. Hawajali nywele zake wala viatu vyake, wanamwona kuwa mkubwa, na wakichoshwa huinuka na kuondoka bila nia mbaya. Kijana ambaye hawezi kusema mbele ya wenzake kumi wa darasa lake anaweza kuwafundisha watoto wanne kukunja karatasi, kuchora, au kucheza drafti, na sauti atakayoitumia huko ni ileile atakayoihitaji kwingine.

Vikundi vya maigizo na kwaya vina nafasi ambazo wazazi husahau kuziulizia. Onyesho lolote lina watu wengi nyuma ya pazia: wa taa, wa mavazi, wa kuhamisha viti gizani, na yule anayekaa pembeni na karatasi akimnong'oneza mwigizaji aliyesahau maneno. Kwayani nako sauti ya mtu mmoja hujificha ndani ya sauti za wengine mpaka mwenyewe atakapotaka isikike. Binti yangu alijaribu kwaya kwa majuma mawili akaacha, si kwa woga, bali kwa sababu aliona nyimbo zenyewe zinachosha. Nilikubali, kwa kuwa kulikataa jambo kwa sababu yako mwenyewe nako ni hatua.

Mbio za parkrun, zilizoanza mwaka 2004 katika bustani ya Bushy Park jijini London zikiwa na wakimbiaji 13, sasa hufanyika katika nchi nyingi kila Jumamosi bila ada yoyote, kwa umbali wa kilomita tano. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba haziwezi kufanyika bila watu wa kujitolea, na moja ya kazi hizo ni kusimama mwishoni na kumkabidhi kila anayemaliza kibao kidogo chenye nambari ya nafasi yake. Hebu fikiria kazi hiyo kwa jicho la kijana mwenye haya: watu mia moja wanamjia mmoja mmoja, kila mmoja kwa sekunde mbili, wote wakiwa wanahema na wengi wakisema asante. Pale ambapo mbio hizo hazipo, mashindano yoyote ya mtaani yanahitaji mtu wa kushika saa au kuandika matokeo.

Simu ilikuwa ngumu zaidi, na hapo tulitengeneza ngazi. Vijana wa siku hizi wanaandika ujumbe tangu asubuhi, lakini kupiga simu kwa mtu wasiyemjua kunawatia hofu ambayo sisi tuliokulia simu za mezani tunaiona kuwa kichekesho. Tuliandika pamoja mambo tisa kuanzia jepesi hadi zito. Namba moja ilikuwa kumwuliza dereva wa basi kama linapita kituo fulani. Namba nne, kupiga simu kwenye bwawa la kuogelea kuuliza saa za kufunga. Namba tisa, kurudisha kitu kilichonunuliwa kikiwa na kasoro na kudai kibadilishwe. Kanuni zilikuwa mbili tu: yeye ndiye anayeamua ni lini atapanda, na kipandio kimoja kinarudiwa mpaka kiwe cha kuchosha kabla ya kwenda kinachofuata. Kukwepa jambo huleta nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha mwili kwamba jambo lile lilikuwa hatari kweli. Kulirudia kidogo kidogo hufundisha kinyume chake. Simu ya kwanza aliipiga akiwa na karatasi yenye sentensi zote, pamoja na "kwaheri". Karatasi ilitikisika. Alipojibiwa kwamba wanafunga saa kumi na mbili jioni, alikata kabla ya kufika kwenye "kwaheri", kisha akaangalia karatasi na kuanza kucheka. Siku tatu baadaye alipiga tena, mahali pengine, na akaisoma yote.

Kipindi hichohicho alimhoji bibi yake kuhusu ujana wake, akiwa na maswali kumi na mbili na kinasa sauti cha simu. Ninalipendekeza hili kwa yeyote mwenye mzee karibu, wa ukoo au wa jirani. Anayeuliza hatakiwi kujieleza, anatakiwa kusikiliza tu na kuuliza la pili, na kwa kawaida mwenye haya ni msikilizaji mzuri kwa sababu amefanya mazoezi ya kunyamaza maisha yake yote. Mazungumzo yaliyopangwa kuwa ya nusu saa yalimalizika baada ya saa mbili, na la ajabu ni kwamba wakati wa kuyasikiliza tena, binti aligundua kwamba sauti yake mwenyewe haikuwa mbaya kama alivyodhani.

Kuna hadithi moja ya utafiti niliyomsimulia na ambayo anaikumbuka hadi leo. Mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake walichapisha mwaka 2000 majaribio ambamo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo kwa kijana wa wakati ule ilikuwa aibu, kisha akaingizwa katika chumba chenye wenzake. Waliovaa fulana walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo waliitambua picha ile. Kumbe ni kama robo tu. Binti aliposikia aliuliza, "Hiyo robo nayo ilicheka?" Swali zuri, nami sikuwa na jibu.

Sehemu ya mzazi ni ndogo lakini ni chungu. Nilijifunza kuhesabu moja mpaka saba kimoyomoyo kila mtu alipomwuliza swali mbele yangu, na naapa kwamba saba ni namba ndefu. Niliacha kumtetea kwa maneno kama "msameheni, huyu anaogopa watu", kwa sababu yeye yuko palepale anasikia, na mtoto hulivaa jina analopewa. Niliacha pia kumpongeza kwa kelele, kwa maana sifa kubwa kwa jambo dogo humwambia kwamba hukumtegemea aliweze.

Haya yote yanahusu haya ya kawaida. Kama kijana anakosa shule kwa sababu ya watu, anatapika au kutetemeka kila anapotakiwa kutoka, hana hata rafiki mmoja, na hali hiyo imedumu kwa miezi sita au zaidi, basi huenda ni hofu ya kijamii ya kiwango cha ugonjwa, ambayo mara nyingi huanza katika umri huuhuu, na inatibika vizuri kwa tiba ya mazungumzo. Likizo yenye shughuli nyingi haiwezi kuchukua nafasi ya mtaalamu.

Mwaka huu likizo inakaribia kwisha. Bado ni mkimya, bado huingia chumbani wageni wakizidi watano, na namba tisa ya ngazi yetu haijaguswa. Jana usiku aliniuliza kama maktaba itahitaji watu siku za Jumamosi shule zikifunguliwa. Nilikuwa na jibu, kwa kuwa mkutubi alikwisha kunidokeza. Nikamwambia sijui, apige simu aulize.