Kwaheri Jinja, fildi imeisha

Haya jamani, fildi imeisha. Wale mnaoniuliza kila siku kwenye WhatsApp "we bado uko Uganda?" nipo hadi leo Jumamosi, naenda Kampala kwanza halafu basi la kupitia mpaka wa Mutukula, na kiukweli nimetoka Mwanza nimekuja Jinja, ziwa ni lilelile Victoria, nimelizunguka tu. Ila mama anawaambia watu kanisani mtoto yuko nje ya nchi na mimi sijamkatalia.

Kwa ambao hamjui, nasoma uvuvi, na nafasi ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo, niliipata kwenye maabara moja hapa mjini. Kazi yenyewe sio ya kupiga nayo picha. Asubuhi na mapema tunaenda mwaloni Masese, mitumbwi inaingia, tunapima samaki urefu na uzito, tunaandika, wengine tunawanunua tunarudi nao kuwapasua tumbo tuone walikula nini. Sangara mdogo unamkuta kajaa uduvi, akishakua anahamia kwenye dagaa na furu, na mara nyingine unamfungua unakuta sangara mwenzie humo ndani, yule samaki hana ndugu. Harufu inakaa kwenye nywele hadi kesho yake, nilishaacha kupambana nayo.

Sasa kitu ambacho hakuna mtu aliniambia kabla sijaja ni hiki cha Kiswahili. Mi nilijua nikifika huku Kiswahili kitanisaidia, si Afrika Mashariki bana, na hata baraza lao la mawaziri lilipitisha 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni. Kumbe kwa watu wengi wa huku Kiswahili ni lugha ya askari, wamekisikia toka enzi za Amin kwa mtu mwenye bunduki, na mwaloni ndo balaa zaidi maana 2017 jeshi ndio lilipewa kazi ya kupambana na uvuvi haramu ziwani. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, ukikutwa naye ni kesi, nyavu zinachomwa. Halafu ghafla anatokea mtu mgeni, ana rula, anapima samaki wa watu, na anaongea Kiswahili safi! We ungefikiria nini? Siku za mwanzo nilikuwa nikisogelea mtumbwi watu wanafunika ndoo.

Aliyeniokoa ni mama mmoja anayeuza mukene, ndio dagaa hao, mwenyeji wa Busia upande wa Kenya. Aliniangalia asubuhi moja navyohangaika, akaacha ndoo zake akaja akawaambia wavuvi, kwanza kwa Kisoga, halafu akarudia kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Wachaneni na huyu, huyu ni mtoto wa shule, anapima tu anaandika kwa kitabu, hana bunduki." Watu wakacheka, mimi nikapima samaki wangu. Kuanzia hapo nikifika tu naanzia kwake, chai ya maziwa na chapati, ananipa habari zote za mwaloni, nani kapata nani kakosa, na takwimu nzuri kwenye ripoti yangu nyingi zimepitia kwenye lile benchi lake, ingawa sidhani kama msimamizi wangu chuoni atapenda niandike hivyo. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa, sisi karibu nusu, ila huyo wa asilimia 6 ndo alinibeba.

Ofisini waliniaga Alhamisi. Soda, keki, hotuba za Kiingereza, kila mtu alisimama akasema neno (Waganda kwa hotuba hapana chezea, hata aliyeingia kukopa stepla alihutubia), nikapewa cheti, pakiti mbili za kahawa na begi la kitambaa cha gome la mti ambalo ni zuri mno. Nilishukuru, nikapiga picha, sikulia. Getini mlinzi wetu, mzee aliyewahi kuwa jeshini, ambaye toka siku ya kwanza ananiita mtoto wa Nyerere, akanipigia saluti. "Unaenda kabisa? Hapana rudi?" Nikamwambia nitarudi Afande. Akasema wote wanasemaga hivyo. Hapo kidogo machozi yakataka kutoka.

Jana nikaenda Masese bila rula. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mazuri ya kumwambia mama wa watu, nimeyapanga njiani juu ya bodaboda, nimefika sijayasema hata moja. Alikuwa anageuza dagaa kwenye vichanja vya kuanikia, akanipa kazi na mimi nikageuza, tukabishana tena ule ubishi wetu wa kila siku kwamba dagaa wa Mwanza wana mchanga. Nikamwambia mama na sisi tuna vichanja siku hizi. Hakubali. Mwisho nikasema, basi mama mi kesho naenda. Akakaa kimya, akafuta mikono kwenye leso, akanifungia dagaa kwenye mfuko, wengi, sijui konda atasemaje. Nikajua sasa ananipa baraka za safari.

"Mwanangu, huko Mwanza, soko la Kirumba, kilo ya dagaa ni pesa ngapi?"

Nikamwambia sijui, toka niondoke bei zimepanda zimeshuka. Akasema amesikia Wakongo wanakujaga kununua pale kwa magunia, sasa nikifika nisilale, niende niulize bei ya jumla, ya dagaa wa mchanga na ya dagaa wa kichanja, kila moja peke yake, nimtumie kwa voisi maana kusoma meseji miwani yake imevunjika. Akiona inalipa atapanda basi mwenyewe aje aangalie. Nikamuuliza utafikia wapi? Akanishangaa. Kwenu, akasema.

Kwa hiyo mama kama unasoma hapa, andaa godoro. Ripoti ya fildi itasubiri, Jumatatu asubuhi mi nipo Kirumba naulizia bei.